Saa ya Kusokota

(Mazungumzo ya redioni, yamechapwa hapa kama yalivyosomwa)

Leo tutazungumza juu ya uzi. Wala si uzi wa dukani, bali uzi wa katani unaosokotwa kwa kiganja juu ya paja, ambao akina mama wa Machakos huutumia kusukia viondo.

Twajua wengine watauliza, "Hilo ni jambo la vikundi vya akina mama. Kwa nini liletwe katika dakika hizi chache za Neno la Mungu?" Ngojeni kidogo. Tumepita katika makanisa kadhaa ya Ukambani, na huko tumekuta ugomvi wa chini chini, ule usioandikwa katika kitabu cha kumbukumbu za mkutano. Akina mama huja kwenye mkutano wao wa katikati ya juma na katani ndani ya mfuko. Baadhi ya wazee wa kanisa hawapendi kuiona. Na wasichana, ambao huambiwa kila siku kwamba wamesahau kazi ya nyanya zao, hujibu kwamba hakuna aliyewapa saa ya kujifunza. Sisi twaona mambo haya mawili ni jambo moja.

Kwanza tuwaeleze wale ambao hawajapata kuona kazi hii. Mtu akitazama kiondo kilichokwisha, sifa zote humwendea msukaji. Tazama mistari yake, tazama rangi zake, tazama kitako kilivyo mviringo! Lakini kabla ya kusuka kuna kusokota, na kusokota ndiko kunakokula siku. Jani la mkonge hukatwa, mwiba wa ncha ukaondolewa, kisha jani likapasuliwa vipande vyembamba na kukwanguliwa mpaka nyama ya kijani itoke na nyuzi nyeupe zibaki. Maji yake huwasha ngozi, na mgeni wa kazi hii atajikuna jioni nzima. Nyuzi huoshwa, huanikwa juani, huchambuliwa. Katika kilo 100 za majani, katani kavu inayopatikana ni kilo 4 hivi.

Ndipo mama anapoketi. Hunyoosha mguu, akashika mafungu mawili membamba ya nyuzi, akayalaza juu ya paja yakiwa yametengana kidogo. Kiganja husukuma kwenda gotini, na kila fungu hujisokota peke yake. Kisha kiganja hurudi, na yale mafungu mawili huviringana, yakawa uzi mmoja. Msokoto wa kwenda na msokoto wa kurudi hupingana, na kwa kupingana huko hushikana. Ndiyo maana uzi mzuri haufunguki ukiuachilia. Nyuzi za jani ni za urefu wa mita moja hivi tu. Kwa hiyo kabla ncha haijafika, nyuzi nyingine huongezwa, sasa katika fungu hili, baadaye katika lile, wala si katika yote mawili mahali pamoja, maana hapo uzi ungekatika. Hesabuni wenyewe ni mara ngapi kiganja kitakwenda na kurudi mpaka upatikane uzi wa kiondo kimoja cha kubebea unga.

Kusuka ni kazi nyingine. Nyuzi za kusimama hupangwa kuanzia kitakoni, na nyuzi mbili za kulala huzizunguka zikipishana, moja mbele na moja nyuma, duara juu ya duara. Mama aliyezoea aweza kufanya hivyo akitembea. Ninyi mliopita barabara za Ukambani mmeona: mzigo wa kuni mgongoni, mkanda kichwani, na mikono yote miwili mbele ikisuka. Amefika sokoni na kiondo kimepanda vidole vitatu. Wageni huipiga picha habari hii na kuisifu sana, nasi pia twaisifu. Lakini kusokota hakutembei. Paja haliwezi kubeba mzigo njiani na kusokota pia. Kusokota kunataka mtu aketi. Na hapo, wapendwa, ndipo penye shida, kwa sababu katika siku ya mama wa Machakos ni saa ngapi anaketi?

Ustadi huu si wa jana. Mkonge wenyewe ni mgeni katika Afrika ya Mashariki. Asili yake ni Mexico, na ulifika Tanganyika mwaka 1893, wakati Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida. Mingi ilikufa safarini, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Kutoka miche hiyo yakatoka mashamba makubwa ya pwani, na baadaye Kenya nayo ikawa na mashamba yake, kama yale ya Kibwezi, ambako zamani palikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos. Wakulima wadogo wakaupanda mkonge mipakani na kwenye kingo za matuta. Lakini nyanya za nyanya zetu walikuwa wakisokota kabla mkonge haujafika. Walitumia nyuzi za magome, hasa gome la mbuyu katika nchi ya chini yenye joto. Gome la mbuyu likibanduliwa kwa uangalifu huota tena, na mti hauangamii. Basi mkonge ulipokuja ulikuta viganja viko tayari.

Pwani mambo yalikwenda njia nyingine. Huko Kilwa, waliochimba magofu wamepata vigae vya duara vyenye tundu katikati, vilivyotumiwa kama uzito wa vijiti vya kusokotea pamba. Watu walisokota na kufuma nguo zao wenyewe karne nyingi zilizopita. Kisha katika karne ya 19 meli zilileta kitambaa cha pamba kutoka Marekani, nacho kikapewa jina la nchi kilikotoka, marekani, mpaka leo. Kilikuwa rahisi na imara, na saa ya kusokota pamba ikatoweka katika siku za watu. Kiondo kiliponea chupuchupu. Katika miaka ya 1970 na 1980 kilinunuliwa sana na wageni wa nchi za nje, akina dada wa Ulaya na Marekani wakakitundika begani, na vikundi vya Machakos vikapata fedha za karo. Halafu ikaja mifuko ya plastiki iliyotolewa bure kila duka, na watu wa hapa wenyewe wakakiweka kiondo darini. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo ya plastiki ya kubebea bidhaa, na wengine wakakumbuka kile kilichokuwa darini.

Lakini mnunuzi, awe wa hapa au wa mbali, hulipa kile anachokiona. Anaona kusuka. Haoni zile jioni za kusokota, kwa hiyo hazimo katika bei. Ndiyo sababu akina mama wengi siku hizi hununua uzi wa kiwandani, au hufumua sweta kuukuu na kusukia nyuzi zake. Hatuwalaumu hata kidogo. Mwenye watoto watano na mashimo ya viazi yasiyochimbwa hana haja ya kuhubiriwa juu ya uzuri wa katani. Twasema tu kwamba kiondo cha uzi wa katani uliosokotwa vizuri hubeba mahindi miaka mingi, nacho kile kingine huvutika.

Tuirudie siku ya mama. Watu husema kwamba mwezi wa Julai hadi Septemba, mavuno yakiwa yameisha na mvua za mwisho wa mwaka hazijaja, wanawake wa Ukambani wana nafasi. Anayesema hivyo hajachota maji katika mwezi wa Septemba. Mito ya kwetu ni mito ya mchanga. Kiangazi kikizidi, kisima cha mchangani huzidi kuwa kirefu, na njia ya kukifikia huzidi kuwa ndefu. Nafasi anayoipata shambani huichukua mtungi. Ndiyo maana twapenda kuyataja mabwawa ya mchanga. Tangu miaka ya 1970 vikundi vya kujisaidia, huko Kola na kwingineko, vimejenga kuta za mawe na saruji kukinga mito hiyo. Mvua ikinyesha, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga, yasikauke upesi kwa jua. Kazi hiyo imefanywa kwa desturi ya Wakamba ya mwethya, majirani kukusanyika na kusaidiana, na walio wengi katika kazi hiyo wamekuwa wanawake. Mahali ukuta ulipojengwa, safari ya maji ya saa kadhaa imekuwa safari fupi.

Basi, hizo saa zilizorudi zimekwenda wapi? Swali hili laulizwa mara chache. Twaogopa kwamba katika nyumba nyingi zilichukuliwa na kazi nyingine kabla mama hajapata kuziketia. Na katika kanisa nasi tulikuwa na mengi ya kumwitia: mkutano wa maombi, mkutano wa umoja wa akina mama, kufagia kanisa, kumpikia mgeni. Yote ni mema. Ila mama huyu anapoketi hatimaye, chini ya mti nje ya kanisa, kusikiliza mafundisho, hiyo ndiyo saa pekee ya kuketi aliyo nayo katika juma zima. Ndipo anapotoa katani yake mfukoni. Na mzee wetu mpendwa, aliyekuja kuleta neno, humwambia, "Mama, weka hiyo chini. Mariamu aliketi, Martha ndiye aliyekuwa na shughuli."

Tumewasikiliza wazee hawa kwa heshima, maana wana hoja. Husema kwamba mtu hawezi kumsikiliza Mungu huku akihesabu nyuzi. Husema pia, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba si vizuri mapaja yaonekane. Hoja hii ya pili ni rahisi, nasi twaijibu mara moja: mwenye haya na atandike kipande cha ngozi juu ya leso, asokotee hapo, na mzee mwenye haya zaidi na awaachie akina mama wenyewe wafundishane.

Hoja ya kwanza yataka tufungue Kitabu. Habari ya Martha na Mariamu iko katika Luka, sura ya 10. Someni tena polepole. Mariamu aliketi miguuni pa Bwana akasikiliza. Habari haisemi mikono yake ilikuwa ikifanya nini. Na Martha hakukemewa kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi, bali kwa sababu moyo wake ulikuwa umetawanyika katika mambo mengi mpaka akaja kumshtaki ndugu yake mbele ya mgeni. Mama wa Machakos anayesokota kimya huku macho yake yakimtazama mhubiri hajatawanyika. Mara nyingi ndiye atakayekuambia jioni mhubiri alisema nini, wakati aliyekunja mikono alikuwa akisinzia. Tumeliona jambo hili, na wahubiri wengi wameliona pia, ijapokuwa hawapendi kulitaja.

Wengine hutuletea yale maua ya kondeni katika Mathayo sura ya 6, kwamba Bwana aliyasifu kwa kuwa hayasokoti. Lakini Bwana alikuwa akisema na watu wenye hofu ya chakula na mavazi. Aliyeutaja uzi alikuwa akijua uzi hutokaje, naye alivaa kanzu ambayo mtu fulani aliketi akaisokotea nyuzi.

Sisi twapenda zaidi Kutoka, sura ya 35. Musa anakusanya vitu vya kujengea hema. Watu wanaleta dhahabu, fedha, ngozi, mbao. Na wanawake wenye ustadi wanaleta uzi. Si nguo, ni uzi walioukalia na kuusokota wenyewe, wa rangi ya samawi na zambarau na nyekundu, na kitani nzuri, na wengine manyoya ya mbuzi. Uzi huo ulipokelewa pamoja na dhahabu. Baadaye kidogo katika sura ile ile twaambiwa majina ya mafundi waliosimamia kazi, Bezaleli na Oholiabu. Majina ya wanawake waliosokota hatukuambiwa. Yaani hata huko sifa ilimwendea aliyemaliza kazi. Lakini Musa hakukataa kuuhesabu uzi kuwa ni sadaka, na hakuna aliyewaambia wanawake wale waweke uzi chini kwanza wamwabudu Mungu.

Na kwa kuwa tumefika hapo, tuseme neno juu ya yule mwanamke wa Mithali 31, ambaye huhubiriwa kila siku ya akina mama. Katika mstari wa 19 ana pia na kijiti cha kusokotea mkononi. Huamka kabla ya mapambazuko, na taa yake haizimiki usiku. Wahubiri humtumia kama fimbo. Tungeomba wausome pia mstari wa 15, ambako watumishi wake wa kike wametajwa. Mtu mwenye watu wa kuteka maji na kusaga nafaka atapata saa ya kusokota.

Wala si wanawake tu. Mahatma Gandhi, katika miaka ile India ilipokuwa ikidai uhuru wake kwa Waingereza, alitenga saa ya kusokota pamba karibu kila siku, akaihesabu kuwa kama ibada. Alikuwa na mambo ya taifa zima mkononi, na wageni wakubwa walimkuta gurudumu likizunguka. Kama yeye alipata nafasi, sisi wanaume wa Machakos tunaokaa kivulini siku ya soko twaweza angalau kukwangua mkonge.

Sasa tuwageukie wasichana, kwa maana hapa ndipo twapotaka kusikilizwa zaidi. Yote tuliyosema juu ya kusokota na kusikiliza ni kweli kwa mtu aliyekwisha kujua. Si kweli kwa anayejifunza. Mwanafunzi hawezi kusikiliza mahubiri, wala kulea mtoto, wala kuchunga sufuria. Mafungu yake hayalingani, moja nene, jingine jembamba, na lile jembamba humzunguka mwenzake kama mtambaa badala ya kushikana naye. Anasukuma kwa nguvu mno. Anasahau kuongeza nyuzi mpaka uzi umekwisha mkononi. Paja lake linababuka, naye huona aibu kusema. Kiganja hujifunza polepole, na kwa muda huo macho na akili lazima viwe hapo hapo. Mama aweza kuiba dakika tano hapa na kumi pale kwa sababu kiganja chake kilijifunza zamani, siku ambazo susu yake alimketisha kando yake alasiri nzima akamwambia leo hutumwi maji. Dakika za leo zimelipiwa na alasiri zile. Msichana asiyepewa alasiri hatakuwa na dakika, hata akiishi miaka themanini.

Na msichana wa leo anapewa alasiri na nani? Yuko shuleni tangu asubuhi. Akirudi ana maji, ana masomo, ana mdogo wake mgongoni. Likizo ya Agosti ikija, hupelekwa kwa shangazi mjini, au hufundishwa masomo ya ziada. Siku hizi mtaala mpya wa shule una kazi za mikono, na kusuka kumo ndani yake; twashukuru. Lakini mzazi hununua uzi dukani usiku kwa taa, mama husuka mwenyewe ili mtoto asikose alama, na asubuhi mtoto hupeleka kazi ya mamaye. Kusokota hakukufundishwa, kwa sababu kusokota hakuonekani katika kitu kinachopelekwa kwa mwalimu.

Basi tunawaomba hivi ninyi wazee wa kanisa na ninyi viongozi wa akina mama. Katika likizo ya Agosti, wakati shamba limetulia, tengeni alasiri sita. Kwa wale walio karibu na bwawa la mchanga ni rahisi zaidi. Kwa wale walio mbali, wavulana na wachote maji siku hizo sita, hawatakufa. Waiteni bibi wawili wanaojua, na wasichana wasiozidi kumi, maana mwalimu wa kazi hii hushika mkono wa mwanafunzi kwa mkono wake. Msiweke mahubiri ndani yake. Ombeni mwanzoni, kisha wacheni wasokote. Mahubiri watayasikiliza miaka arobaini ijayo wakiwa na katani mkononi.

Mkonge ukatwe juma moja kabla, ili nyuzi ziwe zimekauka. Siku ya kwanza wape katani isiyo ndefu, na mafungu manene kidogo, kwa sababu uzi mnene husamehe makosa. Msianze na rangi. Siku ya tatu wafundishwe kuongeza nyuzi, na hapo wengi watakata tamaa, kwa hiyo siku hiyo kuwe na chai. Uzi wa siku za kwanza utakuwa na vifundo, wala hautafaa kiondo; usitupwe. Unafaa kufungia kuku wa kupeleka sokoni, au ndama, au mlango wa banda la mbuzi. Yule atakayefikisha uzi wa kuzunguka kiganja chake mara hamsini bila kifundo, huyo aonyeshwe jinsi kitako cha kiondo kinavyoanzwa, na mamaye aitwe aje aone.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.